Zipite Zilivyo

Bahasha zilikuwa mbili juu ya meza, na wewe msomaji umekaa roho juu siku saba ukitaka kujua Mama Kanuni aliifungua ipi. Tusikuchoshe. Alizifungua zote mbili, kwa kisu cha karatasi, kwa sababu ni mwanamke anayeheshimu bahasha.

Ya kwanza ilimpandisha cheo: kuanzia leo awe katibu wa ofisi ya Meya, ghorofa ya tano, penye zulia na kiti kinachozunguka. Ya pili ilimhamishia machinjioni, akaandikishe ng'ombe wanaoingia wakiwa hai na kuhakiki wanaotoka. Zote zilikuwa na tarehe moja, na zote zilitiwa saini na Mkurugenzi wa Jiji, ambaye ni mtu wa haki na hapendi kuonekana ameegemea upande.

"Chagua," alisema Meya. "Kikao ni saa nane, na sasa ni saa tano. Sikuharakishi."

Kwa msomaji aliyelipata gazeti letu leo tu, pengine likiwa limefungia viatu vyake kwa fundi, maneno machache yatamtosha. Mama Kanuni ni karani wa vikao vya baraza la jiji. Kwa miaka ishirini na sita ameandika kumbukumbu za madiwani, na amewaona mameya sita wakiingia na mkufu shingoni na kutoka bila hata tai. Jina alilopewa na wazazi wake limesahaulika jengo zima. Anaitwa Mama Kanuni kwa kuwa kanuni za kudumu za baraza anazo kichwani, pamoja na vifungu vidogo, kama watu wengine walivyo na umbea.

Baraza lenyewe lina wajumbe thelathini na mmoja. Ishirini na watatu wamechaguliwa na wananchi, kila kata diwani wake. Wanane wamekalia viti maalumu vya wanawake, ambavyo vyama hugawiwa kwa kadiri ya kura vilizovuna. Hao thelathini na mmoja humteua mwenzao mmoja kwa kura ya siri, wakamvika joho na mkufu, akawa Meya. Mkurugenzi hachaguliwi na mtu: huletwa na barua kutoka juu, na siku moja barua nyingine humwondoa. Meya ana mkufu, Mkurugenzi ana muhuri. Wahenga walituambia kwamba tembo wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hawakutuambia yanayozipata nyasi hizo tembo wakielewana.

Na hawa walikuwa wameelewana.

Katika kikao kilichopita baraza lilipitisha azimio la kukifunga kituo cha zimamoto cha Kata ya Chini, ili kiwanja chake kijengwe ukumbi wa sherehe. Kata ya Chini ni ile ambayo nyumba zake zimebanana hata jirani akipiga chafya, wewe ndiye unayetafuta leso. Gari moja tu la zimamoto ndilo jembamba kiasi cha kupenya vichochoro vyake, na gari hilo hulala katika kituo hicho. Hoja iliyoletwa barazani ilieleza, kwa lugha ya kitaalamu, kwamba moto katika kata hiyo umepungua sana, na kwa hiyo kituo hakihitajiki. Kwa hoja hiyo hiyo tungeweza kuwafukuza madaktari kila wagonjwa wanapopona.

Azimio lilipita. Tatizo lilikuwa dogo, la hesabu ya darasa la pili. Ili uamuzi wa baraza uwe uamuzi, sharti nusu ya wajumbe wawemo ukumbini, yaani watu kumi na sita. Hiyo ndiyo inayoitwa akidi. Daftari la mahudhurio lilikuwa na saini ishirini na mbili. Ukumbini, kura zilipopigwa, walikuwamo kumi na mmoja.

Usishangae. Baraza hili lina desturi yake: mheshimiwa huja, husaini, hunywa chai, kisha hutoka kwa mlango wa nyuma unaotazamana na maegesho ya magari. Katika jengo zima, mlango huo ndio uliokwisha kubadilishwa bawaba mara tatu. Lakini Mama Kanuni naye ana desturi yake. Kila kura inapopigwa yeye huhesabu vichwa, kwa ncha ya penseli, kimoja kimoja. Akaandika alichokiona: kumi na mmoja, na majina yao. Chini yake akaandika wasiokuwepo, na majina yao pia.

Meya alitaka paandikwe ishirini na wawili.

"Mstahiki Meya," alisema Mama Kanuni, akizirudisha barua ndani ya bahasha zake, "kumbukumbu nilizisambaza siku saba zilizopita, kama kanuni inavyotaka. Zikishasambazwa si zangu tena. Anayeweza kuzisahihisha ni diwani, akisimama ndani ya kikao, mbele ya wenzake."

"Nani anazisoma?"

"Hilo halimo katika kanuni."

Meya akacheka kidogo. Alikuwa na kicheko cha adabu, cha mtu anayewacheka wengine kwa niaba yao. Akamweleza, bila hasira, kwamba kanuni hiyo anaijua, na diwani wa kusimama amekwisha kumpata. Ameshaandikiwa hata cha kusema, katika karatasi moja tu, kwa maandishi makubwa.

"Nani?" aliuliza Mama Kanuni.

"Diwani wa Kata ya Chini mwenyewe. Shemeji yako."

Kalamu haikumdondoka Mama Kanuni, maana kalamu hudondoka katika hadithi za magazeti mengine. Lakini aliishika kwa nguvu zaidi.

Shemeji huyo, mume wa dada yake mkubwa, jengo zima lilimwita Naunga Mkono. Katika miaka minne ya udiwani hayo ndiyo maneno mawili pekee aliyokwisha kuyatamka ukumbini. Na dada mwenyewe ndiye aliyemlea Mama Kanuni tangu mama yao alipofariki, akamsomesha kwa cherehani, na hadi leo akimpigia simu humuuliza kwanza kama amekula.

"Mimi ni mwenyekiti, siwezi kutoa hoja," aliendelea Meya. "Yeye atasimama, atasema walikuwepo ishirini na wawili. Mimi nitakugeukia nikuulize kama ni sahihi. Wewe utaitikia kwa kichwa. Kichwa tu, mama yangu. Sikuombi hata neno."

Akaondoka, akaziacha bahasha.

*

Mama Kanuni alishuka hadi masijala, mahali palipo na vijumba vya barua vya madiwani, thelathini na moja ukutani kama njiwa wangekuja kuishi humo. Akahesabu. Nakala ishirini na saba za kumbukumbu zilikuwa bado zimefungwa kwa gundi. Mbili zilikuwa zimefunguliwa na kupigwa mistari na madiwani wawili waliolipinga azimio. Moja ilikuwa kantini, imekunjwa mara nne chini ya mguu wa meza, na lazima tukiri kwamba meza ilikuwa imetulia. Ya Meya ilikuwa imechanwa pembeni na kuwekewa kikombe juu. Inasemekana Mkurugenzi ndiye aliyemsomea, na kwamba alimsomea ukurasa alioulizwa tu.

Katika ukurasa wa mwisho kulikuwa na jambo jingine. Tutalifikia.

Naunga Mkono alipatikana katika chumba cha majoho, mbele ya kioo, akihangaika na tai.

"Shemeji, umekula?" aliuliza. Katika nyumba ile swali hilo ni la mapenzi. Kwake yeye lilikuwa dalili ya hatia.

"Jumanne ile ya kikao, kura zilipopigwa, ulikuwa wapi?"

"Nilisaini."

"Sikukuuliza ulisaini wapi."

Akakohoa. Akasema kwamba kulikuwa na shughuli ya wananchi. Mama Kanuni akamkumbusha kwamba shughuli ile ilikuwa kukata utepe wa duka la viti vya plastiki, kwamba picha yake imetundikwa sebuleni kwa dada, juu ya televisheni, na kwamba chini ya picha kuna tarehe.

Hapo Naunga Mkono akaitoa karatasi ya Meya mfukoni na kumwonyesha, kama mtoto anayeonyesha kidonda. Maandishi yalikuwa makubwa kweli. Ilitosha ayasome, akae, na maisha yaendelee. Tena Meya alikuwa amemwahidi uenyekiti wa kamati ya mipango miji, kamati ambayo kazi yake ni kukaa na kuamua nani ajenge wapi, na ambayo wajumbe wake, kwa sadfa ya kupendeza, wote wana nyumba nzuri.

"Umeisoma kumbukumbu yenyewe?" aliuliza Mama Kanuni.

"Nimeipokea."

"Soma ukurasa wa mwisho."

Hakuwa nayo. Akampa yake. Alipokuwa akisoma midomo yake ilicheza, kisha ikaacha kucheza.

Ukurasa wa mwisho ulieleza, kwa upole, kwamba diwani akikosekana wakati wa kura katika vikao vitatu mfululizo bila ruhusa, kiti chake kinakuwa wazi. Kumbukumbu za vikao viwili vilivyotangulia zilikuwa zimeandikwa kwa penseli ile ile na ukweli ule ule, na baraza lilizithibitisha zote bila kuzifungua. Hiki kilikuwa cha tatu. Kulikuwa na majina saba. La kwake lilikuwa la nne.

"Kwa hiyo zikipita hivi, mimi nimekwisha," alisema.

"Ndiyo."

"Na nikisema ishirini na wawili, nimepona, lakini kituo kimefungwa."

"Jumamosi. Gari litapelekwa mlimani, kwenye barabara pana. Litapendeza."

Akaketi juu ya sanduku la majoho. "Shemeji, hakuna kanuni ya katikati?"

"Iko ya dharura. Inahusu mafuriko."

Kwenye korido mtu alipita na sinia la vikombe. Naunga Mkono akaanza kusema kwamba Meya ni mtu mkubwa, kwamba huwezi kushindana na aliyekushika mkono, kwamba yeye ni nani, mtu wa kuunga tu. Mama Kanuni hakumbembeleza. Kubembeleza madiwani si kazi ya karani, na kusema kweli alikuwa hajui hata namna ya kuanza. Alisema tu alichokuwa amekiandika mwenyewe, miaka minne iliyopita, katika daftari la viapo.

"Wewe ulichaguliwa na watu elfu tatu na mia mbili. Meya alichaguliwa na watu kumi na wanane, na mmoja wao ni wewe."

Naunga Mkono akaikunja karatasi ya Meya. Pengine hakuna aliyewahi kumpangia ngazi kwa mpangilio huo. Kisha akaomba radhi, akatoka kumpigia simu mkewe. Aliporudi, baada ya robo saa, alikuwa ametulia ajabu, na tai imekaa sawa. Mama Kanuni akaufasiri utulivu huo kuwa wa mtu aliyekata tamaa. Msomaji mwenye subira ataona kwamba hata wanaohesabu vichwa kwa usahihi hukosea wanapohesabu mioyo.

*

Saa nane kamili ukumbi ulikuwa umejaa. Meya alikuwa ameamuru mlango wa nyuma ufungwe kwa ufunguo, na waheshimiwa, ambao wengi walikuwa hawajawahi kuuona ukumbi huo baada ya saa tisa kasorobo, waliuangalia kwa udadisi, mmoja akimwonyesha jirani yake kwamba kumbe kuna picha ukutani.

Siwa, fimbo ya mamlaka ya baraza, ikaingizwa, ikawekwa mezani. Wote wakasimama, wote wakaketi. Ajenda ya kwanza ilikuwa kufungua kikao, na walifaulu. Ya pili ilikuwa kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita.

Hapa inabidi tuieleze kazi hii jinsi inavyofanywa. Kanuni inataka kumbukumbu zipitiwe ukurasa kwa ukurasa. Baraza hili, kwa kuokoa muda wa wananchi, lilivumbua njia fupi. Meya huuliza kama kuna marekebisho. Kimya. Mtu mmoja, yeyote, husema "zipite zilivyo". Papo hapo mikono huinuka. Haihitaji kufikiri, na ndiyo sababu haijawahi kushindikana. Kwa njia hiyo wamekwisha kupitisha bajeti, sheria ndogo za masoko, na safari moja iliyokuwa na kosa la chapa hata ikawapeleka ziarani katika mji usiokuwepo.

"Kuna marekebisho?" aliuliza Meya, na macho yake yakaenda safu ya tatu.

Naunga Mkono akasimama.

Hilo peke yake liliwashtua wengi, kwa kuwa maneno yake mawili alizoea kuyasema akiwa ameketi. Akatoa karatasi mfukoni. Akavaa miwani. Akaikunjua, akaisoma kimya kimya hadi mwisho, akaikunja tena na kuirudisha mfukoni. Meya alikuwa akitabasamu, na tabasamu lilianza kuchoka.

"Mstahiki Meya," alisema Naunga Mkono, "mimi siku ile sikuwepo. Kumbukumbu zinasema sikuwepo, na zinasema kweli. Zipite zilivyo."

Laiti angeishia kwenye "kweli", Meya angepata nafasi. Lakini yale maneno mawili ya mwisho yalikwisha kutoka, na ukumbi mzima uliyajua kama farasi ajuavyo njia ya zizini. Mikono ikainuka. Iliinuka ya waliokuwa wakiongea, iliinuka ya waliokuwa wakiandika ujumbe wa simu, na mjumbe mmoja aliyekuwa amesinzia aliinua mkono wake kabla ya wote. Kati ya thelathini waliokuwa na haki ya kupiga kura, ishirini na tisa waliinua. Wa thelathini alikuwa chini ya meza akitafuta kiatu.

"Subirini," alisema Meya. "Subirini kwanza."

Mikono ilibaki juu, ikisubiri, kama alivyoagiza.

Basi akaitoa karata yake ya mwisho. Akamgeukia karani, taratibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemsaidia mzee kuvuka barabara.

"Karani wetu, tumsaidie mheshimiwa, amechanganyikiwa. Siku ile walikuwepo wajumbe ishirini na wawili. Ni sahihi, sivyo?"

Kichwa tu, alikuwa amesema. Bahasha mbili zilikuwa chini ya daftari lake, na Mama Kanuni alizihisi kwa kiwiko. Aliwaza kiti kinachozunguka. Aliwaza ng'ombe. Aliwaza pia, kwa aibu kidogo, kwamba miaka minne tu imebaki apate kiinua mgongo, na kwamba machinjio yako mbali na basi la kwanza huondoka alfajiri.

Akasimama.

"Walikuwa kumi na mmoja, Mstahiki Meya. Na kura za sasa hivi ni ishirini na tisa za ndiyo, hakuna ya hapana. Kumbukumbu zimethibitishwa."

Kisha akaketi na kuandika kwamba karani aliulizwa na karani alijibu.

*

Aliyefuata kusema ni Mkurugenzi. Alikuwa mwembamba, wa sauti ya chini, na muda wote huo alikuwa akisafisha miwani. Sasa akaivaa na kuomba idhini ya kulishauri baraza, kwa kuwa ushauri ni wajibu wake na uamuzi si wajibu wake. Akaeleza kwamba kwa kura waliyoipiga sasa hivi, tena bila kupingwa, waheshimiwa wamethibitisha kuwa akidi haikutimia. Azimio la kukifunga kituo cha zimamoto halikuwahi kuwa azimio. Na jambo lililobatilika kwa namna hiyo haliwezi kurudishwa barazani kabla ya miezi sita.

Akafungua ukurasa wa mwisho. Akasoma majina saba.

Alipoanza kila jina alisema "Mheshimiwa". Alipomaliza kila jina alisema "Ndugu". Hakuweka mkazo wowote, lakini kila "Ndugu" iliangushwa mezani kama sahani.

Mmoja wa hao saba, mwanamama wa viti maalumu aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha na uongozi, alitaka kujua nani ameandika upuuzi huo.

"Karani ndiye aliyeandika," alijibu Mkurugenzi. "Ninyi ndio mliothibitisha."

"Tupige kura tena."

"Watapiga waliobaki, Ndugu."

Ilikuwa dhahiri kwa kila mtu, na kwa Meya kwanza, kwamba wote saba walikuwa watu wake. Walikuwa ndio wenye kuondoka mapema, kwa kuwa walijua yataamuliwa nini. Alikuwa bado na mkufu. Alikuwa bado na joho. Kilichomwishia ni mikono.

Kikao kiliahirishwa. Mama Kanuni alikusanya vitu vyake, akaitoa bahasha ya pili na kumpelekea Mkurugenzi, akasema yuko tayari kwa machinjio, aanze Jumatatu. Mkurugenzi akaipokea, akaisoma kama hajawahi kuiona. Akasema kwa masikitiko kwamba uhamisho wa mtumishi wa daraja lake sharti uidhinishwe na kamati ya fedha na uongozi, na kamati hiyo, kama anavyojua, tangu dakika kumi zilizopita haina mwenyekiti. Barua itasubiri. Ng'ombe nao watasubiri. Akaiweka mfukoni, akaenda zake, na hadi leo hakuna ajuaye alikuwa upande gani.

*

Naunga Mkono alikuwa kwenye korido, amezungukwa na watu wa kata yake waliokuwa wamesikia. Walimpa mikono. Mmoja alimwita shujaa, na yeye akasema hapana, kwa namna ya kuomba arudiwe. Alipomwona Mama Kanuni akamvuta pembeni.

"Shemeji, umeonaje?"

Mama Kanuni, ambaye si mtu wa machozi, alisema ameona, na kwamba leo amemheshimu. Ilikuwa kweli. Kosa lake lilikuwa kuongeza swali: je, hakisikitikii kiti?

"Nakwenda, narudi," alinong'ona. Akamweleza, huku akitazama huku na huku, kwamba viti viwili vya wanawake vitajazwa na majina yanayofuata katika orodha za vyama vyao, lakini kata tano zitaingia katika uchaguzi mdogo ndani ya siku sitini. Mtu aliyekubali kuanguka ili kituo kisimame, nani atathubutu kushindana naye? Atarudi kwa kura elfu tano. Na ile kauli aliyoitoa ukumbini, je, haikuwa kauli ya kiongozi?

"Ilikuwa nzuri," alikiri Mama Kanuni. "Uliitunga mwenyewe?"

Naunga Mkono akajikuna shingo. Mkewe ndiye aliyempa, alisema, kwenye simu. Neno kwa neno. Hata lile la kuvaa miwani kwanza.

Hapo ndipo dada mtu alipotokea juu ya ngazi, amevaa viatu vya kutokea na mkoba mkubwa mkononi. Hakumtazama mumewe. Alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa ofisi ya karani, akasubiri mdogo wake afungue, akaingia na kukaa kwenye kiti cha wageni.

"Umekula?"

"Bado, dada."

"Utakula. Nipe fomu ya kugombea Kata ya Chini. Kata ikishakuwa wazi, fomu hutolewa siku hiyo hiyo. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

Mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka kwa furaha. Akasema ndiyo maana alimwoa mwanamke huyu, mwepesi kuliko yeye, amekwisha kumchukulia fomu kabla hata hajafika nyumbani.

"Yangu," alisema dada.

Kicheko kiliendelea kidogo peke yake, kisha kikagundua.

"Lakini mke wangu, tulikubaliana."

"Tulikubaliana uanguke. Habari za kuinuka hatukuzungumza."

Akafungua mkoba, akatoa orodha ya wadhamini ishirini na watano, wakazi wa kata, kila mmoja na saini na namba yake ya mpiga kura. Mama Kanuni aliipokea kama anavyopokea karatasi yoyote, kwa mikono miwili, macho yakikimbilia tarehe. Orodha ilikuwa ya juzi. Juzi kata haikuwa wazi. Juzi, zaidi ya wapingaji wawili na yeye karani, aliyejua yaliyomo katika ukurasa ule alikuwa mtu mmoja tu, mwenye muhuri, ambaye husoma alichoulizwa na hunyamazia asichoulizwa. Au walikuwa wawili.

"Dada, nani alikwambia?"

Dada alikuwa akitafuta kalamu. Alipekua mkoba mzima, akakosa. Na mkono ukapita juu ya bega la Naunga Mkono, mkono wa joho, ukiwa umeshika kalamu ya dhahabu iliyokwisha kufunguliwa.

"Tumia hii," alisema Meya.

Hakuwa na sura ya mtu aliyeshindwa. Alikuwa na sura ya mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake stesheni. Dada akaipokea kalamu bila kusema asante, kwa kuwa asante husemwa mara ya kwanza tu, akasaini chini ya fomu, akaisukuma mezani.

Mama Kanuni hakuigonga muhuri. Kanuni hazimruhusu karani kumhoji mgombea, na yeye hajawahi kuvunja kanuni tangu azijue. Alimtazama mwanamke aliyemsomesha kwa cherehani, aliyemsuka nywele siku ya kwanza ya kazi, na akavunja moja.

"Miezi sita ikiisha, dada, hoja ya kituo cha zimamoto itarudi. Utapiga kura gani?"

Dada mtu alimtazama Meya kwanza. Ndipo akafungua kinywa.